Simu, itifaki na Maili 250

Kijana mmoja anayesomea mambo ya kompyuta katika chuo kimoja huku Ukambani alinisimamisha kwenye stendi ya matatu pale Sultan Hamud, daftari mkononi. "Mwalimu, wewe si ni mtu wa Kiswahili? Hebu niambie, protokali ni nini? Maana yake nimeikariri kwa Kiingereza na mtihani nikapita, lakini susu akiniuliza kule nyumbani ninasomea nini, nakwama." Nikamjibu kwa neno moja: itifaki. Akacheka, akasema itifaki ni mambo ya nani aketi wapi rais akija. Matatu ikajaa, tukaachana.

Jibu langu lilikuwa fupi mno, na hilo ni kosa la mwalimu. Nalirefusha hapa, na nitaanzia palepale tulipokuwa tumesimama, kwa kuwa ni miji michache nchini ambayo jina lake limefungamana na waya kama mji huu.

Wajenzi wa Reli ya Uganda waliita mahali hapa Maili 250, yaani takriban kilomita 400 kutoka Mombasa. Jina la sasa linatokana na ziara ya Sultani wa Zanzibar, Hamud bin Mohammed, aliyeletwa kuona ujenzi wa reli ulipofika hapa, kabla haijatia mguu Nairobi Mei 1899. Ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa mali ya Sultani ulikuwa na upana wa maili 10 tu, na tangu 1895 ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Kwa hiyo alipokaribishwa kwa heshima huku nyikani, alikuwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Jina lake ndilo lililobaki.

Lakini Hamud aliupataje usultani? Hapa ndipo waya unapoingia. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri siku iyo hiyo, akajitangaza mrithi. Waingereza hawakumtaka. Mwakilishi wao pale Unguja, Basil Cave, alikuwa na manowari bandarini, ila hakuwa na idhini ya kupiga mizinga. Akatuma telegramu London kuiomba, na jibu likamfikia kabla ya asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu asubuhi mizinga ikaanza kunguruma. Haikupita saa moja kasri likawa kifusi na mamia ya watu wameuawa au kujeruhiwa. Jioni hiyo Hamud alikuwa Sultani.

Miaka 20 kabla ya hapo swali kama hilo lingesafiri kwa meli wiki kadhaa kwenda na kadhaa kurudi, na huenda Khalid angekuwa amekwisha kuzoeleka. Kilichobadilisha mambo ni kebo ya chini ya bahari iliyofikishwa Zanzibar mwaka 1879 na kampuni ya Eastern and South African Telegraph, kutoka Aden, ikaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 tawi likavutwa hadi Mombasa.

Sasa msomaji atazame jinsi telegramu hiyo ilivyosafiri, maana humo mna karibu somo zima la muhula wa kwanza la yule kijana. Waya haubebi maneno. Haujui Kiingereza wala Kiswahili. Unachobeba ni umeme, upo ama haupo, au unaelekea huku ama kule. Kwa hiyo maneno yalivunjwa kuwa herufi, na kila herufi ikageuzwa kuwa nukta na mistari. Herufi A ilikuwa nukta moja na mstari mmoja. E, ambayo Waingereza huitumia sana, nukta moja tu. Kwenye kebo za baharini nukta ilikuwa umeme wa upande mmoja na mstari umeme wa upande wa pili. Kompyuta hufanya yayo hayo kwa sufuri na moja: katika mfumo uliozoeleka, A ni 01000001. Tofauti ni kasi, na kwamba mkono wa karani umeondolewa.

Tena ujumbe haukuruka moja kwa moja hadi London. Umeme huchoka njiani. Kila kituo kiliupokea ujumbe, kikausoma, kikausukuma mbele hadi kituo kilichofuata: Aden, Suez, Malta na kuendelea. Aliyekuwa Aden hakuhitaji kujua kasri la Unguja likoje. Alihitaji kujua anwani tu. Kazi hiyo leo hufanywa na kifaa tunachokiita ruta, nacho pia husoma anwani na kupuuza yaliyomo. Jambo jipya kubwa lililokuja miaka ya 1960, kwa fikra za Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, ni kuukata ujumbe vipande vidogo, pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani yake, kisha kuviacha visafiri hata kwa njia mbalimbali na kuunganishwa mwishoni. Karani wa Aden asingekubali hata kidogo.

Turudi relini. Waya wa telegrafu uliandamana na reli nguzo kwa nguzo, na si kwa pambo. Reli ilikuwa ya njia moja: treni ya kupanda na ya kushuka zikikutana katikati ya vituo viwili, basi ni maafa. Ndiyo maana katika reli za namna hiyo stesheni masta hairuhusu treni iondoke mpaka aulize kituo cha mbele kama njia iko wazi, ajibiwe, ajibu kwamba amepata jibu, aandike, ndipo dereva apewe kibali mkononi: karatasi, au kifaa maalumu cha chuma kisicho na pacha wa kutumika wakati huo. Asiye nacho haendi. Maswali na majibu hayo yana mpangilio uliokubaliwa, nani aanze, aseme nini, akikosa jibu afanye nini. Hiyo ndiyo itifaki. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni kuafikiana; wageni wa rais na viti vyao ni tawi moja tu la maana hiyo.

Miaka ya 1980 IBM iliuza mtandao wa kompyuta uliofuata hila iyo hiyo ya reli. Kibali cha kielektroni kilizunguka, na kompyuta isiyokuwa nacho ilinyamaza. Mshindani wake, Ethernet ya Robert Metcalfe iliyobuniwa 1973, ilichukua njia ya wazee wa baraza la nzama: sikiliza kwanza, kukiwa kimya sema, mkianza kwa pamoja nyamazeni nyote, kila mmoja asubiri kidogo, ajaribu tena. Ethernet ndiyo iliyoshinda sokoni. Ni bahati kwamba haikuvumbuliwa na mtu wa reli.

Na Kiswahili kilikuwa wapi wakati huo wote? Kilikuwa kazini. Neno simu wanaleksikografia hulihusisha na Kiajemi sim, fedha au waya. Waya ulipofika pwani, watu wakauita jina hilo, na kutuma telegramu kukawa kupiga simu, nadhani kwa sababu karani alionekana akigongagonga kitufe. Ilipokuja mitambo isiyo na waya wakasema simu ya upepo. Leo simu iliyo mfukoni mwako haina waya wowote, lakini waya umo katika jina lake. Mtandao nao umetokana na kutanda, kama mawingu yanavyotanda, au utando wa buibui. Hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba elimu hii haina maneno kwetu. Mengine tumekopa, ndiyo: kebo, ruta, pakiti. Waingereza nao walikopa telegrafu kwa Wagiriki bila kuona haya.

Kinachoniuma zaidi ya msamiati ni suala la njia. Mwaka 1896 swali la nani atawale Zanzibar lilijibiwa London kwa kuwa njia ya waya ilikuwa yao. Zaidi ya miaka 100 baadaye, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi ya jirani, wakiwa na watoa huduma tofauti, ilikuwa ikipanda hadi setilaiti kilomita kama 36,000 juu, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikarudi vivyo hivyo. Tukazilipia safari hizo kwa dola. Novemba 2000 watoa huduma wakaafikiana kubadilishana pakiti hapa hapa Nairobi, wakafungua kituo kinachojulikana kama KIXP. Hakikumaliza mwezi. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, na tume ya mawasiliano ikakifunga. Mabishano yakaendelea mwaka mzima na zaidi, hadi kikafunguliwa tena Februari 2002. Mitambo yenyewe ingeweza kuenea juu ya meza. Kilichokuwa kigumu ni itifaki ya watu.

Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah, kwenye Ghuba ya Oman, karibu na nchi ya mababu wa Hamud. Kutoka baharini nyaya za kioo zimepanda bara kuelekea Nairobi kama reli ilivyopanda, na huko Konza, stesheni ya zamani iliyo mbele ya Sultan Hamud ukielekea Nairobi, sasa kuna kituo cha kitaifa cha data. Treni ya abiria ya reli mpya nayo haisimami Sultan Hamud, inasimama Emali.

Basi kijana, susu akikuuliza tena, mwambie unasomea kazi ya stesheni masta. Kama ni mtu wa kando ya reli, atakuuliza treni zako zinabeba nini.