SHOMORO WA TANO NA SARAFU YA SHABA

Fungua Biblia yako Luka 12:6, kisha Mathayo 10:29. Leo tutazame ile pesa ya kununulia shomoro, maana wengi husoma hapo na kupita haraka.

Kwa Kigiriki pesa hiyo inaitwa assarion. Warumi waliiita as. Augusto Kaisari, yule wa Luka 2:1, alipanga upya sarafu za Rumi yapata mwaka wa 23 K.K. Kulikuwa na denari ya fedha, ambayo katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20) ni mshahara wa kibarua wa siku nzima. Denari moja ilikuwa sawa na sestertius 4, au dupondius 8, au as 16.

Sestertius na dupondius zilitengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, nayo iling'aa karibu kama dhahabu. As ilikuwa ya shaba nyekundu. Sestertius utaitambua kwa ukubwa wake, maana ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi. Lakini dupondius na as zilikaribiana sana kwa ukubwa, na mara nyingi zote zilikuwa na kichwa cha Kaisari. Zilipokuwa mpya, rangi ndiyo iliyozitofautisha. Zikikaa ardhini karne nyingi, zote huwa za kijani au kahawia, na wataalamu hutafuta mahali palipokwaruzika waone manjano au wekundu wa ndani. Tangu enzi ya Nero ikaongezwa alama nyingine: kwenye dupondius, Kaisari alivikwa taji lenye miale kama ya jua.

Sasa piga hesabu. Dupondius ilikuwa na thamani ya as 2, na ndiyo sababu Biblia ya Kilatini ilitumia neno hilo katika Luka 12:6. Katika Mathayo, as 1 inanunua shomoro 2. Basi as 2 zinapaswa kununua 4. Lakini Luka anasema 5! Yule wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza. Muuzaji amemtupia tu mnunuzi ili biashara iende. Huyo hakuwa na bei kabisa.

Na Yesu anasema hata mmoja wao hasahauliki mbele za Mungu. Hakuishia kwa wale wanne waliolipiwa.

Mpendwa, huenda wewe ndiye wa tano. Kazini wewe ni wa kuitwa wenzako wakikosekana. Kwenye kikao cha familia mambo yameamuliwa kabla hujafika. Umeanza kuamini kwamba hata mbinguni umeingizwa kama nyongeza.

Sikia vizuri. Yesu hakuahidi kwamba shomoro haanguki. Maneno haya aliwaambia wanafunzi waliokuwa wanakwenda kukutana na mateso. Alichosema ni kwamba haanguki bila Baba kujua, na kwamba wewe una thamani kuliko shomoro wengi. Kaisari alipima thamani kwa madini na taji. Baba yako hakusubiri soko likupangie bei.

Tuombe: Baba, mkumbushe ndugu yangu, mkumbushe dada yangu, kwamba hujamsahau. Katika jina la Yesu.

Kama wewe ni wa tano, andika AMINA hapo chini. Nitakuombea. Ubarikiwe.