Barafu ya Kilimanjaro

Barafu ya Kilimanjaro ni mabaki ya mabamba ya kale yaliyo juu ya Kibo, kilele chenye kimo cha mita 5,895 huko Tanzania, takriban digrii 3 kusini mwa ikweta. Habari zake zilifika Ulaya kwa njia ya pwani: mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai, aliiona tarehe 11 Mei 1848, na ijapokuwa mwanazuoni William Desborough Cooley wa London aliikadhibisha habari hiyo, wasafiri waliofuata waliisadikisha. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipofika kileleni mwaka 1889, walilazimika kuchonga ngazi katika barafu kwa shoka.

Mwaka 1912 barafu hiyo ilienea zaidi ya kilomita za mraba 11. Ilipofika 2011 hazikusalia hata 2. Sababu yake si hararati ya hewa peke yake, bali pia ukavu: theluji imepungua, nayo barafu, ikipigwa na jua kali, aghalabu hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza, hata kingo zake zikasimama wima mithili ya kuta za ngome.

Unyevu uilishao theluji hiyo hutoka Bahari ya Hindi.