Nicodemus: Mji Ulioikosa Reli Usife

Mwaka 2027 mji wa Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, utatimiza miaka 150. Uko kando ya mto Solomon, katika nyika ya nyasi yenye miti michache na mvua isiyotabirika. Ukiisoma ramani peke yake, huoni sababu ya mtu kujenga hapo. Sababu iko katika siasa za wakati ule. Mwaka 1877, serikali ya Marekani iliyaondoa majeshi yaliyobaki kuwalinda watu weusi katika majimbo ya kusini. Mwaka huohuo W. R. Hill, mzungu aliyefanya biashara ya viwanja, na mchungaji mweusi W. H. Smith waliuanzisha mji huu, wakawaita watu kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mkulima ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Kwa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mwenzake, ardhi hiyo kavu ilikuwa na thamani ambayo mvua haiwezi kuipima.

Wapo wanaosema wahamiaji hao walihadaiwa, na kwa sehemu ni kweli. Vipeperushi viliahidi neema. Waliofika hawakukuta hata nyumba, wakachimba makao ardhini kwa kukosa mbao. Familia kadhaa zilirudi mara moja. Inasimuliwa kwamba waliyavuka majira ya baridi ya kwanza kwa chakula walichopewa na wawindaji wa kabila la Osage. Lakini hadaa inaeleza kwa nini walikuja, haielezi kwa nini walibaki. Waliobaki walianzisha makanisa, shule na posta, na kufikia 1887 mji ulikuwa na hoteli, maduka na magazeti mawili. Mmoja wao, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika ofisi ya ngazi hiyo Kansas.

Pingamizi zito zaidi ni la reli. Wakazi walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta, lakini mwaka 1888 njia ilipita ng'ambo ya mto, na wenye maduka wakahamia mji wa Bogue, kando ya njia hiyo. Je, si jiografia iliyoamua? Hapana, mto haukuchagua, kampuni ya reli ndiyo iliyochagua. Tena miji mingi ya nyika iliyokosa reli ilifutika kabisa. Nicodemus iliponea kwenye mashamba: mwenye duka alihama na bidhaa zake, mkulima alibaki na hati yake. Ukame wa miaka ya 1930 uliwapunguza sana wakazi, na posta ilifungwa 1953, lakini vizazi vyao hurudi kila kiangazi kwa sherehe ya Ukombozi, inayofungamana na tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilipoanza kutumika.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliutangaza mji huu kuwa eneo la kihistoria la taifa. Majengo yanayohifadhiwa ni matano: makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na ukumbi wa wakazi. Heshima hiyo ni haki ya wakulima waliokataa kuondoka.