Kasa wa Kwale: Bahari Ilipata Sheria, Mchanga Ukasahauliwa

Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi (IUCN), ulipokutana Abu Dhabi, ulimtoa kasa wa kijani kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Mwenye haraka angefunga jalada hapo. Lakini kasa aitwaye ng'amba hakuguswa na uamuzi huo, bado yuko hatarini mno. Na ukiifuata historia ya kasa kutoka Shimoni hadi Diani utaona kuwa Kwale sheria imemlinda anapokula, ikamwacha anapozaa.

Kuwindwa kwake si jambo la jana. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, unayataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1880 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alieleza wavuvi wa mwambao walivyomtumia samaki aitwaye chazo: anafungwa kamba mkiani, anaachiwa kasa anapoonekana, anamganda gambani, kisha kamba inavutwa taratibu mpaka windo linafika ubavuni mwa chombo. Ulikuwa ufundi wa kumpata kasa mmoja mmoja. Jarife la nailoni halichagui.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, lakini mzozo uliotikisa pwani ya kusini ulihusu ramani. Kisite na Mpunguti zilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1973, na mipaka yake ikapangwa upya 1978. Leo Kisite ina kilomita za mraba 28 ambamo kuvua ni marufuku kabisa, na Mpunguti ina 11 ambamo mvuvi wa kienyeji anaruhusiwa. Kwa watu wa Shimoni, Wasini na Mkwiro, maana yake ilikuwa kuona mashua za watalii zikiingia walikokatazwa wao. Kwa hiyo mwaka 1995 serikali ilipoitangaza hifadhi ya Diani-Chale, wavuvi wa Diani waligoma. Waliambiwa uvuvi wa kienyeji ungeendelea. Hawakusadiki, na hifadhi ikabaki kwenye karatasi. Wapo wanaouita ukaidi huo ujinga. Mimi naona wavuvi walikuwa wameisoma Kisite vizuri kuliko waliowahutubia. Tatizo ni kwamba mzozo mzima ulikuwa wa maji, nani avue wapi na kwa wavu gani, na katika kelele hizo hakuna aliyeuliza habari za mchanga.

Na kasa hutaga mchangani. Jike hupanda usiku, huvuka alama ya maji kujaa, huchimba shimo kwa makasia ya nyuma na kutaga mayai mia na zaidi, yanayokaa humo kama miezi miwili. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kasa anataga juu ya hapo, mahali ambapo hati ya kiwanja huanza. Ndiyo maana Diani kuta za mawe na taa za bustani zimekuwa adui asiye na nyavu: ukuta unamzuia mama, taa zinawapotosha watoto, ambao hufuata mwanga wakidhani ni bahari.

Pengo hilo limezibwa na vikundi vya vijijini, vya Msambweni na kwingineko, vilivyounganishwa na KESCOM, kamati ya uhifadhi wa kasa, tangu 1993. Doria ni ya usiku, na mayai yaliyotagwa chini mno huhamishwa kabla bamvua halijayafikia. Utaambiwa wanakijiji haohao ndio walao nyama na kuuza mafuta ya kasa. Wapo, kweli. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ilipotungwa, iliwawekea faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha, ilhali mwenye kibali anayeufunga ufuo kwa saruji hahesabiwi kuwa amemdhuru kasa yeyote. Wenye hoteli nao watasema kazi za vijana zinatoka kwao. Hakuna anayewataka wafunge. Wanatakiwa kusogeza ukuta nyuma na kufunika taa miezi ya kutaga.

Sasa Shimoni inapata bandari ya uvuvi, na bei za viwanja hazitasubiri, kutoka huko hadi Funzi na Msambweni. Kasa wa kijani huchukua miaka 25 au zaidi kupevuka, kwa hiyo aliyeanguliwa mwaka ule wa mzozo wa Diani ndiyo kwanza anaanza kurudi ufuo wa kwao. Vibali vya kujenga hapo juu ya maji kujaa vinatolewa na kaunti ya Kwale, si na walinzi wa Kisite.