Redio ya Bibi na Namba ya Siri ya Mama

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, wiki hii nilikaa siku nzima katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa watu wanaotunza wazee. Walikuwapo wauguzi, watawa, wahudumu wa makao ya wazee, na akina mama wanaowauguza wakwe zao majumbani bila kulipwa hata senti. Mezani vilipangwa vifaa: simu zenye vibonyezo vikubwa kama vifungo vya koti, vifaa vya kusaidia masikio mazito, saa inayolia wakati wa kumeza dawa. Wageni rasmi walivishika, wakavisifu, wakapigwa picha.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akanyosha mkono. "Simu nimeiona, wanangu. Tarakimu ni kubwa, nashukuru. Lakini ile namba ya siri nimwachie nani?" Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, na sababu yangu nitaieleza. Kwanza turudi nyuma.

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya jambo ambalo wataalamu wa ng'ambo walikuja kulisoma. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 Redio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya, na watu wazima wapatao milioni 2 wakajiunga katika vikundi vya kusikiliza. Wengi hawakuwa na redio ya kwao, na wengi hawakujua kusoma. Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, alikuwa mmoja wao. Mama yangu, wakati huo msichana wa miaka 20 na ushei, alikwenda naye.

Nilipoingia katika kazi hii ya utangazaji nilidhani siri ya kampeni ile ilikuwa redio. Redio kweli ilimfaa mzee. Ina kitufe kimoja cha kuwasha na kingine cha kutafuta stesheni. Ukishaiweka mahali pake, hata asiyeona vizuri anaifungua kwa kupapasa. Haikuulizi jina wala haikupi muda wa kujibu. Lakini mama hunisahihisha kila mara. Anachokumbuka yeye siyo redio, bali kiongozi wa kikundi.

Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuwakusanya watu, kufungua redio, kisha kusoma kijitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma asibaki nyuma. Baadaye watu walijadiliana, wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka vichaka vinavyofuga mbu. Bibi hakusoma hata herufi moja ya kile kijitabu, lakini alijua yaliyomo, na aliyemsomea alikuwa mtu wa kijiji kile kile, anayeweza kuulizwa mbele ya wenzake.

Msidhani haya ni mambo ya vijiji vya Tanzania tu. Huko Boston, Marekani, mwanasaikolojia Andrew Dibner alianzisha mwaka 1974 kampuni ya Lifeline, iliyompa mzee anayeishi peke yake kibonyezo cha kuomba msaada. Mzee akianguka anabonyeza, na simu inaita. Uzuri wa kitu kile haukuwa kibonyezo. Upande wa pili alikaa mtu wa zamu, mwenye orodha ya majirani wa kupigiwa ili waende kutazama. Mwondoe mtu huyo, na kibonyezo kinabaki pambo la shingoni.

Kisha ikaja simu ya mkononi, na mwaka 2007 Kenya ikaanzisha M-Pesa. Sisi tukafuata mwaka 2008. Sitaki kuibeza. Zamani fedha ya kumtumia mzazi ilikaa kwenye bahasha ya kondakta wa basi, na wapo makondakta ambao hadi leo tunawadai. Simu ilituondolea adha hiyo. Lakini ilimtaka mzee afanye peke yake jambo ambalo mwaka 1973 alifanya na wenzake. Abonyeze nyota, mia na hamsini, nyota. Asome orodha, achague tarakimu. Akichelewa kidogo kutafuta miwani, yote inafutika anaanza upya. Mwisho aandike namba nne ambazo ameambiwa asimwambie mtu yeyote.

Ndugu msikilizaji, mzee asiyeona vizuri atazificha vipi namba ambazo lazima mwingine amwandikie?

Mama yangu alimtajia kijana mmoja wa kibandani. Nilikuwa nimemtumia shilingi 60,000 za dawa za presha. Alipewa 20,000, akaambiwa ndizo zilizoingia. Sikuambiwa habari hiyo na mama. Niliipata kwa jirani, miezi mitatu baadaye. Mama alikaa kimya kwa kuogopa kwamba nitamwona amezeeka akili. Miezi mitatu alikuwa akimeza nusu kidonge. Kila Jumamosi nilikuwa nampigia kumuuliza dawa zipo, na kila Jumamosi alinijibu zipo.

Halafu ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 ambao hawakujisajili wakaanza kuzimiwa. Mwanamke aliyeshika jembe miaka 50 vidole vyake vimesuguliwa na mpini. Mashine haioni kitu. Mama aliweka kidole mara saba. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mwanangu, ile mashine inasema mimi sipo."

Haya ndiyo yaliyonizuia kucheka pale ukumbini. Vile vibonyezo vikubwa vinafaa, na waliovileta wamefanya vema. Lakini wale viongozi 70,000 wa mwaka 1973 hawakuwapo mezani, wala hakuna aliyetaja kuwafundisha wenzao wa leo: mtu anayejulikana mtaani, mwenye dhamana, anayeweza kukaa na mzee na simu yake na kisha kuulizwa shilingi zimekwenda wapi.

Mwenyekiti alimshukuru bibi yule kwa swali zuri, akasema litajibiwa baada ya chai. Baada ya chai tukaingia kwenye maazimio.