Hewa ni ya Wote: Habari za Chama cha Redio cha Mji wa Hartford

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: ridhaa, leseni, mwito. Nitayaeleza kila moja mahali pake. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, ukikuta sentensi ngumu usiiruke. Isome mara mbili, polepole, kisha uendelee.

Mara nyingi historia hutuambia habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutasoma habari za chama kidogo cha watu wa mji mmoja, waliokutana jioni baada ya kazi kuzungumza juu ya mitambo yao ya redio. Swali letu ni hili: Watu wengi wakitumia kitu kimoja kisichoweza kugawanywa, ni nani atakayewazuia wasiharibiane?

Fikiri juu ya kisima. Watu wakifika kwa zamu, kila mmoja hupata maji. Wakitumbukiza ndoo zao wote kwa pamoja, kamba husokotana, maji huchafuka, na hapana apataye kitu. Hewa ya redio ni kama kisima hicho. Watu wawili wakisema pamoja katika wimbi moja, msikilizaji hupata kelele tu.

CHECHE NA VURUGU

Desemba 1901, Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea alama ya simu isiyo na waya kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wazee wetu waliiita simu ya upepo. Habari hiyo iliwasisimua vijana wengi, hasa wa Marekani. Walianza kujitengenezea mitambo nyumbani kwa waya, chupa na vipande vya shaba. Mitambo ile ilirusha cheche, na kwa cheche walipelekeana alama za Morse, yaani nukta na mistari badala ya herufi.

Vijana hawa waliitwa wanaredio wa ridhaa. Ridhaa maana yake ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe. Mcheza ngumi wa ridhaa hupigana bila mshahara. Vivyo hivyo mwanaredio wa ridhaa hatumii mtambo wake kwa biashara. Aufanyia kazi kwa kuipenda elimu yake na kwa kuwafaa wenzake.

Lakini siku zile hapakuwa na sheria Marekani ya kuwaongoza. Kila mtu alijichagulia jina na wimbi alilotaka. Cheche zilitawanyika hewani, zikawaingilia wenye meli na askari wa majini. Wako pia waliofanya mzaha mbaya, wakapeleka habari za uongo. Majirani wa kisima walikuwa wamesokota kamba.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic iligonga mlima wa barafu. Ilizama alfajiri ya siku ya pili, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Katika saa zile za hofu hewa ilijaa maneno mengi yaliyochanganyika, na magazeti mengine yakachapisha kwamba abiria wote wamepona. Wanaredio wa ridhaa walilaumiwa pamoja na wengine. Tarehe 13 Agosti mwaka ule ule sheria ilitiwa sahihi. Tangu hapo kila apelekaye habari kwa redio alitakiwa kuwa na leseni, yaani cheti cha ruhusa cha Serikali. Tena wanaredio wa ridhaa walifukuzwa katika mawimbi marefu. Waliachiwa mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi kuliko hayo.

Wataalamu wa wakati ule walidhani kwamba mawimbi mafupi hayafiki mbali. Basi ilikuwa kama mtu aliyenyang'anywa shamba la bondeni akapewa jabali. Wengi walitazamia kwamba wangekata tamaa na kuacha.

CHAMA CHA HARTFORD

Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, aliishi fundi mmoja jina lake Hiram Percy Maxim. Huenda jina la Maxim si geni masikioni mwenu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya Maxim, aina ya bombomu. Kapteni Lugard alikuwa na bunduki ya namna hiyo Kampala wakati wa vita vya Mengo, Januari 1892. Baba alitengeneza chombo kilichosaidia kuzitiisha nchi. Mwana alijulikana kwa chombo cha kupunguza mlio wa bunduki, na baadaye kwa kazi ya kuwaunganisha watu wasioonana.

Mwaka 1914 wapenzi wa redio wa mji huo walianzisha Chama cha Redio cha Hartford. Walikuwamo watu wazima kama Maxim, na vijana kama Clarence Tuska ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Mwezi wa Aprili Maxim alitaka kupeleka habari kwa mtu wa mji wa Springfield, yapata kilomita 40 tu. Mtambo wake haukufika. Akakumbuka rafiki yake aliyekaa Windsor Locks, katikati ya miji hiyo miwili. Akamwita, akampa habari yake, naye rafiki akaipeleka mbele mpaka Springfield.

Umewahi kuona watu wakizima moto kwa kupokezana ndoo? Mtu mmoja hafiki kisimani na kwenye nyumba inayoungua kwa wakati mmoja, lakini mstari wa watu hufika. Maxim alifikiri hivyo hivyo. Aliuambia mkutano wa chama kwamba wanaredio wa miji yote wakikubali kupokezana, habari itavuka nchi nzima. Chama kilikubali. Ndipo ulipozaliwa umoja wa wanaredio wa ridhaa wa Marekani, ujulikanao kwa herufi ARRL.

Sasa tazama jambo lililo kubwa hapa. Kupokezana habari si kazi ya mtambo peke yake, ni kazi ya tabia. Wewe uliye katikati wapokea maneno ya mtu usiyemjua, kwa ajili ya mtu mwingine usiyemjua. Yakupasa uandike kama ulivyosikia, usiongeze wala usipunguze. Yakupasa uyafikishe hata kama umechoka. Hulipwi. Mtu mmoja mvivu au mwongo katika mstari aweza kuharibu kazi ya watu kumi. Kwa hiyo chama kilijikuta kinafundisha mambo mawili pamoja: ufundi na uaminifu.

HATARI YA KUFUTWA

Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanaredio wa ridhaa waliamriwa kufunga mitambo yao yote. Maelfu yao wakaingia katika jeshi, maana alama za Morse walikwisha zijua, na mafundi wa redio walitakiwa sana.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, wakuu wa jeshi la majini walitaka redio yote iwe chini ya mamlaka yao. Mswada ulipelekwa katika Bunge la nchi. Kama ungepita, wanaredio wa ridhaa wangalikwisha. Maxim alikwenda kuwatetea, na wanachama waliandika barua kwa wabunge wao. Walikuwa na hoja ya kuonyesha: umoja wenye utaratibu, na vijana waliotumika vitani. Mswada haukupita. Oktoba 1919 waliruhusiwa tena kupeleka habari.

Twaweza kujiuliza, ingekuwaje kama wangeendelea na vurugu za kabla ya 1912? Siwezi kusema kwamba tabia njema peke yake iliwaokoa. Lakini mtu anayelaumiwa kila siku hupata taabu kupata mtetezi.

FIMBO YA MZEE

Wenyewe walijua kwamba si wote waliokuwa wema. Katika jarida lao liitwalo QST, lililoanza Desemba 1915, palikuwa na mwandishi aliyejiita Mzee. Aliwagombeza kwa maneno makali na ya kuchekesha wale waliojaza hewa upuzi, wasiosikiliza kwanza, na wasiojua kungoja zamu. Mzee huyu alitaja chombo cha ajabu cha kuwaadhibu, akakiita Wouff Hong. Mwaka 1919 alipeleka chombo chenyewe makao makuu: vipande vya mbao vilivyofungwa kwa waya. Kimehifadhiwa mpaka leo.

Wasomaji walicheka, lakini walielewa. Jina la Mzee lilifichwa kwa miaka mingi. Mwishowe ilijulikana kwamba alikuwa Maxim mwenyewe. Kiongozi alichagua kuwakanya watu wake kwa kicheko, badala ya kungoja askari waje kuwakamata.

JABALI LAZAA MATUNDA

Na lile jabali la mawimbi mafupi je? Desemba 1921 umoja ulimtuma Paul Godley kwenda Uskoti. Alipiga hema kando ya bahari, mahali paitwapo Ardrossan, katika baridi na mvua. Usiku alisikia alama za wanaredio wa ridhaa wa Marekani zikivuka Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy, aliyekuwa Nice katika Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell wa Connecticut. Mmoja aliuliza na mwingine akajibu, katika wimbi la yapata mita 100.

Sababu yake ni hii. Juu sana angani kuna tabaka ambalo huyarudisha mawimbi mafupi duniani, kama dari irudishavyo mpira. Kwa njia hiyo wimbi huruka bahari na milima. Baadaye mawimbi hayo mafupi ndiyo yaliyotumiwa na vituo vya matangazo kufikisha sauti Afrika ya Mashariki kutoka mbali.

Aprili 1925 wanaredio wa nchi nyingi walikutana Paris wakaunda umoja wa dunia, na Maxim akawa rais wake. Mwaka 1928 mwanachama mmoja, Paul Segal, aliandika kanuni za mwanaredio wa ridhaa. Nazieleza kwa maneno yangu. Awe mwungwana, asijifurahishe kwa kuwaudhi wengine. Awe mwaminifu kwa chama chake. Apende maendeleo na mtambo wake uwe mzuri. Awe rafiki, amsaidie anayeanza. Awe na kiasi, redio isimsahaulishe nyumba yake, kazi wala masomo. Na awe tayari kuitumikia nchi yake.

Maxim alifariki Februari 1936. Mwezi uliofuata mto Connecticut ulifurika, ukaingia mjini Hartford, mji wa chama chake. Majimbo ya kaskazini-mashariki yalipatwa na mafuriko makubwa, nyaya za simu na za umeme zikakatika. Wanaredio wa ridhaa walikaa mitamboni, wakipokezana habari za waliozingirwa na maji. Ndoo zilipokezanwa kama zilivyokusudiwa tangu 1914.

DESTURI ZA HEWANI

Mpaka leo mwanachama mpya hufundishwa desturi chache. Kwanza, sikiliza kabla ya kusema. Ukisikia watu, ngoja. Ukidhani wimbi ni tupu, uliza kama lina mtu. Pili, taja mwito wako. Mwito ni herufi na tarakimu ulizopewa na Serikali, na kwa hizo hutambulika. Asiyejitaja ni kama mtu anayepiga kelele gizani. Tatu, tumia nguvu ya umeme inayotosha, usizidishe. Nne, usifanye biashara, wala usitukane. Tano, mwenye shida ya hatari akiita, wote nyamazeni, mpeni nafasi.

Elimu hii haiko mbali nasi. Zamani za Waingereza, mwito wa Kenya ulianza kwa VQ4, wa Tanganyika VQ3, wa Uganda VQ5, na wa Unguja VQ1. Baada ya uhuru ilibadilishwa. Siku hizi Kenya ina 5Z, Tanzania 5H na Uganda 5X. Anayetaka leseni huiomba kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake.

Pengine utasema, leo kila mtu ana simu ya mkononi, redio hii ya nini? Kumbuka Desemba 2004, mawimbi makubwa ya bahari ya Hindi yalipopiga nchi nyingi, hata yakafika pwani ya Somalia. Katika visiwa vya Andaman, ambako simu zilikatika, wanaredio wa ridhaa waliokuwako walipeleka habari za watu kwa ndugu zao wa bara Hindi. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Vikianguka vyote, hubaki mtu mwenye betri, waya, na wenzake wanaomsikiliza.

Hapo mwisho wa somo letu. Sasa mfunge karatasi, mjibu maswali haya kwa mdomo, kisha kila mtu aandike jibu la swali la nne katika daftari lake.

1. Kwa nini hewa ya redio imefananishwa na kisima?
2. Sheria ya 1912 iliwanyima nini wanaredio wa ridhaa, na iliwaachia nini?
3. Mtu aliye katikati ya mstari wa kupokezana habari atakiwa kuwa na tabia gani?
4. Taja kitu kimoja ambacho watu wa kijiji au mtaa wako hukitumia pamoja. Andika desturi tatu ambazo ninyi wenyewe mngeziweka ili kisiharibike.