Mwaka 1891: misafara mitatu Bunkeya na mwisho wa Msiri

Kwa mwaka 1891, watu wengi wa Likasi wanajua tarehe moja tu: 20 Desemba, siku Mwami Msiri aliuawa. Bayeke wanaikumbuka kila mwaka huko Bunkeya, leo katika jimbo la Lualaba. Lakini mambo yalianza mbele ya siku ile, na sehemu kubwa ilipita katika inchi ya Basanga, kusema huku kwetu, wakati hakukuwa bado mji wa Likasi wala komini ya Kikula.

Msiri, jina lake la kwanza Ngelengwa, alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa anakuja huku kutafuta shaba. Mtoto akabaki, akajenga ufalme, na kwa shaba, pembe za tembo na watumwa akapata bunduki na baruti. Basanga, wenye kuyeyusha shaba tangu vizazi na vizazi, wakajikuta chini yake, wanatoa kodi.

Mwaka 1891 uamuzi wa Basanga ulikuwa: inatosha. Mwanamke wao mmoja, Masengo, aliuawa na watu wa Msiri, na vita vikabeba jina lake. Mashamba yakaachwa, njia za biashara zikafungwa, baruti ikapunguka Bunkeya. Vitabu vingine vinasema bunduki za wazungu njo zilimaliza ufalme ule. Hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ingine ilitoka Ulaya. Tangu mkutano wa Berlin wa 1885, karatasi peke yake haikutosha tena: serikali iliyodai inchi ilipaswa kuonyesha kama inaishika kweli. Leopold II wa Ubelgiji aliogopa Waingereza wa Cecil Rhodes wasimtangulie, maana mtu wao, Alfred Sharpe, alikuwa amekwisha kufika Bunkeya mwaka 1890 na kurudi mikono mitupu. Tarehe 15 Aprili 1891 Kampuni ya Katanga iliundwa kule Bruxelles. Siku hizo hizo Paul Le Marinel, mtu wa Leopold, alikuwa anaingia Bunkeya. Msiri alimpokea vizuri, lakini bendera aliikataa. Le Marinel akaondoka, akaacha nyuma askari wachache na ofisa Legat kwenye posti ya Lofoi. Mwezi wa kumi akafika Alexandre Delcommune. Jibu lilikuwa lile lile.

Msafara wa tatu haukuja kubembeleza. Ulitoka pwani ya Bagamoyo na wapagazi mamia, wengi wao watu wa Zanzibar. Mkubwa wake, kapiteni William Stairs, alizaliwa Kanada na alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, lakini mwenye kumlipa alikuwa Kampuni ya Katanga. Njiani alikamata barua ya Msiri ya kumwita Sharpe. Kwa hiyo, alipofika Bunkeya tarehe 14 Desemba, alijua tayari mfalme anataka kugeukia upande gani.

Mazungumzo yakashindikana. Stairs akapandisha bendera bila ruhusa, na usiku Msiri akaenda Munema, kijiji cha karibu. Kesho yake, tarehe 20, kapiteni Omer Bodson akatumwa na askari kumleta. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi. Yeye mwenyewe akapigwa na watu wa mfalme, akafa siku ile ile. Bayeke wanasimulia kama kichwa cha Msiri kilikatwa na kupelekwa, na mpaka leo wanauliza kiko wapi.

Mtoto wake Mukanda Bantu alikubali bendera, akapewa kiti, akatawala mpaka 1910. Basanga waliondoka chini ya Msiri, lakini mwenye inchi mupya hakuwa Musanga. Njaa, mtoto wa vita, ikaua watu Bunkeya na katika kambi ya Stairs vilevile. Stairs mwenyewe alikufa Juni 1892 huko Chinde, Msumbiji, mbele ya kupanda meli.

Mwaka huo huo wa 1892 mjuzi wa mawe Jules Cornet alipita Katanga na kuandika juu ya shaba yake. Union Minière ikaundwa mwaka 1906. Mji uliopandishwa juu ya shaba ile ulikuja kuitwa Jadotville, mpaka 1966 jina la Likasi lilipowekwa.